Mama ametoka hospitali baada ya kupasuliwa nyonga, lakini jioni bado anachanganyikiwa: tumuuguzeje nyumbani?

Binti wa Pongwe

Assalamu alaykum, na salamu kwenu nyote. Ninaomba ushauri wa wenye ujuzi, na hasa wa wale waliowahi kuuguza mzee aliyepatwa na hali hii. Mama yetu mzazi, mwenye umri wa miaka 76, aliteleza bafuni akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji katika hospitali moja ya huku kwetu Tanga. Kabla ya kuanguka alikuwa na akili zake timamu: ndiye aliyekuwa akishika daftari la kikoba cha kina mama wa mtaani, akijua bila hata kulifungua nani amerejesha na nani bado anadaiwa. Usiku wa pili baada ya upasuaji alibadilika ghafla. Alichomoa dripu, akawaita wauguzi kwa majina ya dada zake waliokwisha kufariki, na akashikilia kwamba wodi ile ni gati na kwamba jahazi linamwacha. Daktari alitueleza kuwa hiyo ni deliriamu, yaani kuchanganyikiwa kwa ghafla kunakowapata wazee wengi wanapougua au kupasuliwa, na kwamba kungepungua. Kulipungua kweli, tukaruhusiwa kurudi nyumbani.

Sasa tuko nyumbani na hali haijaisha. Asubuhi huamka akiwa karibu na alivyokuwa zamani, hunywa chai, huuliza habari za wajukuu, na mgeni akimkuta saa hizo hawezi kugundua lolote. Kuanzia magharibi maneno huanza kupinda. Hutaka baibui lake ili aende kwao Pangani, na humwambia marehemu baba asogee kwa kuwa amemkalia mguu. Akizuiwa hukasirika, na juzi alitaka kushuka kitandani peke yake, ilhali haruhusiwi kukanyaga bila fremu ya kutembelea na mtu wa kumshika. Mchana husinzia hadi chakula kikapoa mbele yake.

Familia haisemi lugha moja. Kaka yangu anaona huu ni uzee umeingia na tuuzoee, shangazi anaamini amepandwa na shetani na anataka afukizwe, na jirani mmoja ametupatia diazepamu ambayo akinywa hulala, ila kesho yake huwa mzito na maneno huzidi kuchanganyika. Dawa zake nyingine ni glibenklamidi ya kisukari, dawa ya presha, tramadoli ya maumivu, na Piriton anayoinywa usiku kwa ajili ya muwasho. Ningependa kujua kama akili yake itarudi na baada ya muda gani, tumjibuje anapozungumza na wasiokuwepo, na ni dalili zipi zikitokea tusingoje kupambazuke.

Muuguzi Mstaafu, Mombasa

Dada, pole sana kwa kuuguza, na Mwenyezi Mungu amjaalie mama afueni. Nilifanya kazi katika wodi za mifupa kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na hayo unayoyaeleza ni katika mambo tuliyoyaona mara kwa mara baada ya wazee kuvunjika nyonga. Kaka yako umwambie kwa heshima kwamba uzee hauingii kwa usiku mmoja. Ugonjwa wa kusahau wa uzeeni hujijenga kwa miezi na miaka, ilhali deliriamu huja kwa saa au siku chache, hupanda na kushuka ndani ya siku ile ile, na kinachoharibika kwanza ni uwezo wa kushika jambo moja akilini: unamuuliza swali, anaanza kulijibu, katikati ya jibu anafuata jambo jingine. Mtu aliyekuwa akitunza hesabu za wenzake, kisha akaona gati wodini, ubongo wake umetikiswa na yaliyoupata mwili, na ndiyo maana tiba yake huanzia mwilini.

Kuhusu muda, wengi hupata nafuu kwa siku au wiki chache, lakini kwa mwenye umri wa mama na jeraha la namna hiyo si ajabu masalio yakachukua miezi, na wapo ambao hawarudi kikamilifu kama walivyokuwa. Nafuu yenyewe hainyooki. Jioni mbaya kidogo baada ya siku nzuri ni jambo la kutarajiwa. Lakini akibadilika ghafla kupita alivyokuwa jana, uhesabu kuwa kuna ugonjwa mpya hadi daktari aseme hakuna.

Linalonitia wasiwasi kuliko yote katika maelezo yako ni glibenklamidi pamoja na chakula kinachopoa. Dawa hiyo hushusha sukari kwa saa nyingi, mgonjwa awe amekula au hakula, na mzee ambaye sukari yake imeshuka huweza kupayuka na kukasirika sawasawa na unavyoeleza. Tafuteni mashine ya kupimia sukari leo hii, mpime alfajiri kabla hajala na kila anapochanganyikiwa. Ikisoma chini ya 4 kwa mashine inayopima kwa mmol/L, na awe macho na anaweza kumeza, apewe maji ya sukari au soda ya kawaida, mrudie kupima baada ya robo saa, kisha ale chakula cha kushiba; akiwa hawezi kumeza msimtie chochote mdomoni, mkimbizeni hospitali. Hata ikipanda baada ya kunywa, siku hiyo hiyo daktari aambiwe kabla dozi inayofuata haijanywewa.

Baada ya sukari, fuatilieni haja zake. Tramadoli hufunga choo, na choo kilichofunga kwa siku kadhaa kinatosha peke yake kumvuruga mzee. Vivyo hivyo kibofu kilichojaa kisichofunguka, hasa kwa mtu aliyetoka kuvalishwa mpira wa mkojo. Wekeni maji, uji mwepesi na matunda karibu yake, mkimnywesha kidogo kidogo akiwa ameketi wima, wala si wakati amesinzia, kwa maana kinywaji kikipotea njia huishia mapafuni. Mjue pia kwamba mzee huweza kuwa na maambukizi ya mkojo au nimonia bila mwili kuchemka hata kidogo.

Anapomwambia marehemu asogee, msibishane naye, wala msijifanye nanyi mnamwona. Mwambie tu, “Mimi simwoni, Mama, lakini naona mguu unakuuma, ngoja nikuwekee mto.” Mara nyingi nyuma ya maneno yale kuna maumivu, haja ndogo au woga, na mkishughulikia hilo, maneno hupoa yenyewe. Akidai kwenda Pangani, muulize habari za Pangani, ni nani alikuwa akiishi pale na nyumba ilielekea wapi, kisha umrudishe taratibu kwenye kikombe cha chai kilicho mkononi mwake.

Mchana atolewe nje akae barazani apate mwanga, na usingizi wa mchana uwe mfupi. Usiku aachiwe taa hafifu, kwa sababu kivuli cha chandarua gizani kinatosha kuwa mtu. Godoro liwe chini, mmoja wenu alale chumba kile kile, na kamwe asifungwe wala kuzuiliwa kwa viti vilivyopangwa kuzunguka kitanda, kwani ataviparamia na kuanguka kutoka juu zaidi. Wageni ndio mtihani mkubwa wa kwetu pwani. Kumjulia hali mgonjwa ni wema, lakini watu kumi wanaozungumza kwa pamoja saa ya magharibi ni fujo kwa ubongo uliochoka. Waombeni waje asubuhi, wawili wawili.

Msingoje kupambazuke endapo haamki anapoamshwa, amepata degedege, mdomo umepinda au upande mmoja umelegea, ameanguka na kujigonga kichwa, anahema kwa shida, hajakojoa tangu asubuhi, amegoma kabisa kunywa, au kidonda kimevimba na kutoa usaha.

Mwana wa Kondoa

Nakubaliana na Bibi Muuguzi, nami nitaongeza upande ambao sisi tuliuona kwa mzee wetu, aliyepata nimonia. Yeye hakupiga kelele wala kutaka kwenda popote. Alinyamaza tu, akawa anatazama ukuta, akijibu kwa neno moja na kulala mchana kutwa, na kila aliyekuja alisema mzee ametulia, anapumzika. Daktari ndiye aliyetuonyesha kwamba ukimya ule ulikuwa ni kuchanganyikiwa kule kule kwa sura nyingine, tena sura ambayo huchelewa kugunduliwa kwa sababu haimsumbui mtu. Kwa hiyo Dada, kule kusinzia kwa mama mchana msikuhesabu kuwa ni mapumziko. Kuandikeni pamoja na yale ya usiku.

Ninaposema kuandika ninamaanisha daftari halisi, liwekwe kando ya kitanda, kila anayemlinda aandike saa aliyokula na kiasi alichokula, choo, mkojo, usingizi, dawa na maneno yaliyozidi. Ndugu walio mbali huuliza kwa simu na kila mmoja hupewa habari tofauti kulingana na aliyepokea; mkienda kliniki na daftari, daktari anasoma wiki nzima kwa dakika chache.

Kumrudisha kwenye wakati kulitusaidia sana, lakini si kwa kumhoji. Kumuuliza mgonjwa kila asubuhi leo ni siku gani, na mimi naitwa nani, humfanya aone anatahiniwa mbele ya wanawe. Sisi tulimpa habari badala ya kumuuliza: “Shikamoo Baba, ni mimi mwanao wa pili, leo Ijumaa, adhana ya adhuhuri imekwisha, sasa tunakula.” Adhana, taarifa ya habari ya redio na saa ile ile ya kuoga vilimpa vipande vya siku ambavyo saa ya ukutani peke yake isingempa.

Mambo mawili husahaulika. La kwanza ni kwamba wengi hukumbuka baadaye waliyoyaona, na huona haya. Baba alipopata nafuu alikuwa akiniuliza kwa chini kama alitukana watu. Nilimjibu kwamba yalikuwa maneno ya ugonjwa na hakuna aliyeyachukulia vinginevyo. Wajukuu waonywe wasiyageuze kichekesho. La pili ni karatasi. Mama asiweke sahihi wala dole gumba kwenye jambo lolote la shamba, nyumba, mkopo au mirathi katika kipindi hiki, hata kama asubuhi anaonekana mzima, na namba ya siri ya simu yake ya fedha asiombwe mbele za watu. Nimeona ndugu wakigombana kwa miaka kwa sababu ya dole lililowekwa katika wiki kama hizo.

Kuhusu shangazi, msimgeuze adui, maana ni mikono miwili zaidi ya kuuguza. Aombwe akae asome Kurani kando ya kitanda kwa sauti ya chini, jambo ambalo mama analijua tangu utoto na linaweza kumtuliza. Kufukiza ndiko nisikokuafiki, kwa kuwa moshi katika chumba cha mzee anayelala muda mwingi ni adha kwa mapafu, na dawa za mizizi zisichanganywe na za hospitali.

Binti wa Pongwe

Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Tulipima sukari alfajiri, ikasoma 3.4. Tulimpa chai ya sukari ikapanda, akala, kisha tukampeleka kliniki asubuhi hiyo hiyo. Daktari amemsimamishia glibenklamidi kwa sasa na ametutaka tuendelee kupima na kumpelekea namba. Vilevile aligundua kwamba hajapata choo kwa muda mrefu kuliko tulivyodhani, kwa sababu kila mmoja wetu aliamini mwenzake ndiye aliyemhudumia. Daftari limeanza. Shangazi amekubali kusoma asubuhi na jioni, na habari ya ubani ameiacha ingawa kwa shingo upande. Kilichobaki ni diazepamu na Piriton, ambazo katika ile pilikapilika ya sukari hatukuzitaja kwa daktari. Je, tuziache leo hii tu?

Mfamasia wa Kisauni

Vyema mmeuliza kabla ya kuziacha. Diazepamu hukaa mwilini mwa mzee kwa muda mrefu mno, ndiyo sababu ya uzito wa kesho yake. Hulaza, lakini usingizi wake hauponyi ubongo, na humwongezea hatari ya kuanguka, jambo ambalo nyonga ile haitalistahimili. Kama ameinywa siku chache tu, kwa kawaida huwezekana kuiacha mara moja, lakini kama ameinywa mfululizo kwa wiki kadhaa au alikuwa akiitumia hata kabla ya upasuaji, haikatwi kwa siku moja, kwa sababu kukata ghafla nako huleta msukosuko, kuchanganyikiwa na hata degedege. Mpigieni simu daktari wenu leo mkiwa mmeshika pakiti mkononi, mumsomee jina, miligramu na tarehe iliyoanza, naye aamue. Dozi isiongezwe kwa hali yoyote, hata usiku ukiwa mgumu.

Piriton inaonekana dawa ndogo kwa kuwa kila duka inauzwa na watoto wanapewa, lakini ni katika kundi linaloukausha mdomo, kuufunga mkojo na choo, na kuuvuruga ubongo wa mzee. Kundi hilo lina Phenergan, na vilevile amitriptilini ambayo wengi hupewa kwa maumivu ya miguu, pamoja na dawa nyingi za maji za mafua na kikohozi, ambazo ndani yake kuna kiungo kile kile chini ya jina jingine. Muwasho wa mzee mara nyingi ni ngozi kavu. Jaribuni mafuta mazito baada ya kuoga, na kama upo upele auone daktari.

Tramadoli nayo inaweza kuchanganya akili, na kwa baadhi ya watu hushusha sukari au chumvi ya damuni, ila msiiondoe mkamwacha mama na maumivu, kwa maana maumivu yenyewe huleta deliriamu. Muulizeni daktari kama parasetamoli kwa saa maalumu, badala ya kungoja alalamike, ingeweza kuruhusu tramadoli ipunguzwe. Mumwonyeshe pia ile ya presha: ikiwa ni ya kukojosha, apime chumvi za damu na figo. Njia bora ni kutia kila kidonge kilichomo nyumbani katika mfuko mmoja, pamoja na vile vya jirani na vya shangazi, na kuumimina wote mezani kwake.

Mlezi aliyeko Leeds

Ninafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee huku Uingereza, na kwa kuwa dawa zimekwisha kuzungumzwa nitataja yale ambayo familia huyaona madogo. Je, mama anavaa miwani yake? Mzee hutoka hospitali na miwani ikabaki ndani ya begi kwa mwezi mzima, huku nyumba nzima ikishangaa kwamba anaona vitu. Masikio yake yachunguzwe kama yamejaa nta, na meno ya bandia, kama anayo, yarudishwe mdomoni ili ale. Mazoezi ya mguu aliyofundishwa ayafanye asubuhi, wakati akili ikiwa safi, na akalishwe kitini kwa kila mlo badala ya kulishwa akiwa amelala.

Hayo si maneno ya walezi tu. Mwaka 1999 Daktari Sharon Inouye na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika New Haven, Marekani, kwa wagonjwa 852 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea waliolazwa hospitali. Waliohudumiwa kwa njia za namna hii, yaani kuelekezwa mahali na wakati, kulindwa usingizi, kutembezwa, kusaidiwa kuona na kusikia, na kunyweshwa, walipata deliriamu kwa asilimia 9.9, na waliopata huduma ya kawaida kwa asilimia 15.0. Lakini kwa wale ambao tayari walikuwa wamekwisha kuipata, utafiti huo haukuonyesha tofauti kubwa katika ukali wake wala katika kujirudia. Ndiyo maana ninakuomba, Dada, usijilaumu ukiyafanya yote na bado jioni ikawa ngumu. Mnayafanya ili mwili upate nafasi ya kujirekebisha na ili lisiongezeke jambo jipya juu ya lililopo.

Mwombeni daktari miadi ya kupima kumbukumbu baada ya miezi mitatu hivi. Akipimwa sasa atafeli, na matokeo hayo yanaweza kuandikwa kwenye faili lake kana kwamba ndiyo hali yake ya kudumu. Hata hivyo miadi yenyewe msiiache, maana aliyewahi kupata deliriamu yumo katika hatari zaidi ya ugonjwa wa kusahau na ya kuchanganyikiwa tena atakapougua. Akilazwa siku nyingine kwa jambo lolote, semeni mapokezini kabla ya yote kwamba aliwahi kuipata.

Mwisho, ninaona katika maelezo yako kwamba unalala chumbani kwake wewe peke yako, au angalau hukumtaja mwingine. Zamu za usiku zigawanywe leo, na kaka yako awe wa kwanza katika orodha. Akimlinda mama kuanzia magharibi hadi alfajiri, kisha akanywa naye chai asubuhi, ule mjadala wa uzee mtaumaliza bila mimi.

Binti wa Pongwe

Kaka amepangiwa Alhamisi na Jumamosi. Daktari amesikia habari za zile dawa mbili kwa simu: diazepamu imeachwa, kwa kuwa alikuwa ameinywa kwa siku chache tu, na Piriton pia, na Jumatatu tunapeleka mfuko mzima. Miwani tumeipata ndani ya pochi ya hospitali.